Trauti Wakubwa wa Bwawa la Rutland

Juma hili natake tuvuke bahari kidogo tufike Uingereza, tukaone uvuvi wa namna nyingine kabisa na huu wetu. Watu wawili wamo ndani ya mashua ndogo. Hawana jarife wala mtego, hawana hata mnyoo wa kutia kwenye ndoana. Walicho nacho ni ufito mrefu mwembamba, uzi, na manyoya machache ya ndege yaliyofungwa juu ya ndoana yakafanana na mdudu. Na samaki wanayemtafuta si yule mdogo ajaye upesi. Wanamtaka mzee wa maji, mnene, mwenye hadhari, ambaye mvuvi hodari aweza kumngoja mwaka mzima asimwone.

Samaki huyo aitwa trauti. Wenzetu wa Kenya wanaokaa karibu na milima ya Aberdare wamjua, maana mwaka 1905 Ewart Grogan alileta mayai ya trauti kutoka Uskoti, na watoto wake wakatiwa katika mto Gura. Hupenda maji ya baridi yenye hewa nyingi, ndiyo sababu huku kwetu hukaa milimani tu. Lakini kule Uingereza baridi ni ya kila mahali, na trauti aweza kukaa hata katika bwawa la tambarare.

Nalichagua bwawa la Rutland kwa sababu ni kubwa, na kwa sababu habari zake zina mambo mengi. Liko katika wilaya ndogo iitwayo Rutland, mbali na bahari. Katika miaka ya 1970 miji ya sehemu hiyo ilikuwa ikikua upesi na maji yalikuwa hayatoshi. Basi wakaliziba bonde la mto Gwash kwa ukuta mkubwa wa udongo karibu na kijiji cha Empingham. Mto Gwash wenyewe ni mdogo, usingaliweza kulijaza bonde lile, kwa hiyo maji mengi husukumwa kwa pampu kutoka mito miwili mingine, Welland na Nene. Maji yalipopanda yakafunika zaidi ya eka 2,500. Kwa upana wa maji hakuna bwawa la kuchimbwa au kuzibwa linalolishinda katika Uingereza yote, ingawa lile la Kielder, upande wa kaskazini, lina kina kirefu na hubeba maji mengi zaidi.

Watu walipoteza makwao. Kijiji cha Nether Hambleton kilibomolewa karibu chote, na Middle Hambleton sehemu kubwa, ila Upper Hambleton kilisalia kwa kuwa kiko juu ya kilima. Leo kilima hicho kimekuwa rasi, maji yamekizunguka pande tatu, na bwawa limegawanyika mikono miwili kama kiatu cha farasi. Palikuwapo pia kanisa la Waanglikana mahali paitwapo Normanton. Sakafu yake ingekuwa chini ya maji, na ilikusudiwa libomolewe. Watu wakakataa. Ndipo nusu ya chini ikajazwa mawe na zege, sakafu mpya ikawekwa juu, na tuta likajengwa kulizunguka. Ibada haisaliwi tena humo, lakini jengo lasimama, na ukilitazama toka mbali utadhani linaelea. Wavuvi hulitumia kama alama. Husema, "Tulianza kanisani tukaachia upepo utupeleke."

Sasa tumtazame samaki mwenyewe. Katika bwawa hilo wamo trauti wa aina mbili. Wa kwanza ni trauti wa kahawia, mwenyeji wa Ulaya, ana madoa meusi na mekundu. Wa pili ni trauti wa upinde wa mvua, mwenye mstari wa rangi ya waridi ubavuni. Huyu asili yake ni mito ya Amerika ya Kaskazini inayoingia bahari ya Pasifiki, akaletwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 19. Wote wawili hufugwa kwanza katika vidimbwi, kisha hutiwa bwawani wakiwa na uzito wa ratli 2 hivi, yaani karibu kilo moja. Wa upinde wa mvua hakui kwa kuzaana bwawani. Akiisha, sharti watiwe wengine. Basi wengi wao hunaswa katika majuma machache ya kwanza, kabla hawajajua dunia.

Lakini wengine huponyoka. Hupita kiangazi cha kwanza, hupita baridi, wakaanza kula chakula cha bwawa lenyewe badala ya chakula cha kutupiwa. Hao ndio mvuvi awatamani. Utawajua kwa mapezi yao. Samaki aliyetoka kwenye kidimbwi juzi mapezi yake yamelika kwa kusuguana na wenzake na kuta, mkia wake una pembe butu. Aliyekaa bwawani mwaka mmoja au miwili mkia wake ni mpana na mzima, kama umekatwa kwa mkasi, na mwili wake hung'aa kama fedha. Wa upinde wa mvua wa ratli 4 au 5 namna hiyo ni samaki wa kujivunia. Wa kahawia huishi zaidi, hata miaka kumi na kupita, na akisha kuanza kula samaki wenziwe huweza kufika ratli 10. Hao ni wachache sana.

Kwa nini wengine wakue hivyo? Chakula, basi. Bwawa jipya lina neema ya ajabu. Maji yanapofunika malisho na mashamba, minyoo na wadudu wa nchi kavu huzama, majani huoza, na uozo huo hulisha vidudu vya maji kwa maelfu na maelfu. Samaki hunenepa kama ng'ombe aliyefunguliwa shambani. Ilitokea Blagdon, bwawa la magharibi ambako uvuvi ulifunguliwa mwaka 1904, na tena Grafham mwaka 1966. Miaka ya kwanza samaki walikuwa wakubwa hata watu wakastaajabu, kisha mbolea ile ya chini ikapungua, na ukubwa ukarudi kuwa wa kawaida. Mtu anayekumbuka miaka ile ya kwanza huwachosha wenzake kwa hadithi.

Hadithi za ukubwa bwawani Rutland zimepata mshindani, nalo neno hili ni la kweli. Mwaka 2021 maji yalipopunguzwa katika dimbwi moja la hifadhi ya ndege iliyo ukingoni, ilionekana mifupa ya mnyama wa kale wa baharini, mwenye umbo la samaki lakini wa jamii ya wanyama watambaao, urefu wake karibu mita 10. Alikufa zamani sana, wakati nchi ile ilikuwa chini ya bahari. Hakuna mvuvi atakayemshinda huyo.

Turudi kwenye mashua. Mtu wa ukingoni mara nyingi hutupa uzi wake yadi 20 au 25 tu. Mashua humpeleka popote. Lakini yafaa niseme jambo ambalo wenye mashua wengi hulisahau: alfajiri, kabla watu hawajakanyagakanyaga ukingo, samaki mkubwa huwa karibu na nchi kavu kabisa, katika maji ya futi 3 au 4, anatafuta konokono na vidudu vya matopeni. Mtu huwasha injini akakimbilia katikati, akawapita wale aliowajia. Mimi naona mwenye busara angeanza kwa kukaa kimya yadi 30 toka ukingoni na kutazama.

Kisha upepo. Huku kwetu mwenye mashua huomba upepo wa kumpeleka. Mvuvi wa trauti huuomba, halafu hupigana nao. Desturi yao ni hii: huenda kwanza kwa injini au makasia hadi joshini, yaani upande unakotoka upepo, halafu huzima injini, wakaiacha mashua iende ubavu ubavu na upepo. Wavuvi huketi, mmoja kila upande, upepo ukiwapiga migongoni, nao hutupa uzi mbele yao. Hivyo kila dakika wanavua maji mapya ambayo mashua haijayapitia, na samaki hajashtuka.

Tabu ni kwamba mashua huenda upesi. Upepo ukikaza, mashua huufikia uzi kabla haujazama, uzi hulegea, na samaki akigusa hakuna ajuaye. Dawa yake ni mwavuli wa majini. Ni kitambaa kipana cha namna ya mwavuli wa askari wa angani, kimefungwa kwa kamba upande wa joshini wa mashua. Kikizama hufunguka, kikajaa maji, kikaivuta mashua irudi nyuma. Mwendo hupungua hata nusu na zaidi. Waliofunga kamba katikati huenda sawasawa. Ukiisogeza kamba kidogo kuelekea mbele au nyuma, mashua hukata pembe, ukaweza kufuata mstari wa ukingo au wa ukuta. Ni chombo rahisi cha nguo na kamba, lakini asiye nacho siku ya upepo afadhali akae nyumbani.

Mtu mwenye macho hutazama pia michirizi. Upepo ukivuma huacha juu ya maji njia laini ndefu, kama mtu amemwaga mafuta, na kando ya njia hizo povu na wadudu waliokufa hukusanyika. Trauti anayekula juu ya maji mara nyingi huogelea kuufuata upepo unakotoka, akila njiani, akizama na kuibuka tena. Ukimwona ameibuka mara mbili wajua anakoelekea. Unatupa mbele yake, si pale alipokuwa. Na hapa kuna neno la adabu: kupitisha injini katika maji ambayo mashua nyingine inayajia ni tusi kubwa kule. Wanaorudi joshini huzunguka mbali. Watu wapole kabisa wamegombana kwa jambo hilo.

Wadudu gani? Wengi ni wale visubi wa maji wasiouma, ndugu za wale ambao wasomaji wetu wa Nyanza na Nyasa huwaona wakipanda juu ya ziwa kama moshi. Mtoto wa kisubi hukaa matopeni kama mnyoo mdogo, mwekundu au wa kijani, halafu hubadilika na kupanda polepole kuja juu ili atoke mabawa. Safari hiyo ya kupanda ndiyo hatari yake. Trauti humngoja njiani. Mvuvi basi hufunga ndoana tatu katika uzi mmoja, za manyoya meusi au ya kahawia, akaziacha zizame, kisha akazivuta polepole mno, au asizivute kabisa bali auache upepo uzikokote. Mwezi wa Mei huu ndio uvuvi wenyewe.

Wakati wa jua kali chakula kikubwa huwa kitu kingine, viroboto wa maji, vidudu vidogo kama chembe ya pilipili ambavyo huenda kwa mawingu mazima. Vidudu hivi huikimbia nuru. Jua likichoma hushuka, pengine futi 15 au 20. Wingu likipita hupanda. Trauti wa upinde wa mvua huwafuata kama mchungaji na kundi. Mvuvi aliyepata samaki wawili asubuhi akakaa saa tatu bila kitu, mara nyingi samaki hawajaondoka hapo. Wameshuka tu.

Sasa utajuaje wako kina gani, nawe huoni? Kwa kuhesabu. Ziko nyuzi zinazoelea, na ziko nyuzi zilizotengenezwa zizame kwa mwendo unaojulikana. Tuseme uzi wako huzama inchi 3 kwa kila sekunde. Unatupa, unahesabu hadi 20, ni futi 5 hizo, unavuta. Hakuna kitu. Unatupa tena, unahesabu hadi 40, ni futi 10. Ukiguswa, umekwisha pata mlango. Mwenzako mashuani naye ahesabu idadi tofauti, ili mtafute kina viwili kwa wakati mmoja, na atakayeguswa amwambie mwenziwe. Wako watu wanaoficha hesabu yao hata kwa rafiki waliyelipa naye mashua nusu kwa nusu! Mwalimu wa hesabu angependa uvuvi huu, kwa maana asiyehesabu anavua bahati.

Na kabla ya kuutoa uzi majini usiutoe kwa pupa. Samaki mkubwa ana tabia ya kufuata. Hufuata yadi nyingi asiume, anatazama. Ndoana zinapogeuka kuelekea juu, ndipo huona chakula kinamtoroka, akakikamata. Kwa hiyo waliozoea huuinua ufito polepole, kisha husimama, wakaacha zile ndoana zikining'inia majini chini ya mashua, wakihesabu tena hadi 10 au 15. Wavuvi wengi wamepata samaki wao mkubwa wa mwaka kwa kutulia hapo.

Trauti wa kahawia aliye mzee ana makao yake. Kiangazi, maji ya juu yakipata joto, hewa iliyomo hupungua, na trauti hupata shida yakikaribia nyuzi 20 za Selsiasi. Huyu mzee hushuka karibu na ukuta wa bwawa au mnara wa kuchotea maji. Tangu miaka ya 1970, Grafham na Rutland, baadhi ya wavuvi walianza kumfuata huko kwa uzi wenye risasi ndani yake, mzito, unaoshuka futi nyingi. Waliiongoza mashua kwa usukani, iende na upepo ikitangulia mbele kama jahazi, wakaburuta ndoana kubwa za manyoya marefu nyuma yake. Usukani ukipinda, ndoana hupinda vilevile, na katika ile pembe ndipo samaki hushika. Wako wasemao kwamba huo si uvuvi wa ufito bali ni kulima chini ya maji kwa plau. Mimi sioni ubaya, maana kushika usukani sawasawa katika upepo ni kazi ya ufundi, ila nakubali kwamba mkono wa mvuvi haufanyi mengi.

Hata hivyo nikiambiwa nichague wakati mmoja wa kumtafuta samaki mkubwa, nitasema mwisho wa Agosti hadi Oktoba. Wakati huo vifaranga vya samaki wengine, hasa rochi na pechi waliozaliwa masika, wamekuwa na urefu wa inchi moja na nusu au mbili. Hukusanyika kwa maelfu penye kificho, yaani kando ya magugu ya majini, chini ya mashua zilizofungwa gatini, na kuzunguka minara. Trauti anayejiandalia baridi halali kwa habari hiyo. Mmoja huingia katikati ya kundi kwa nguvu, mdomo wazi, na vifaranga huruka juu ya maji kama mchele unaopepetwa. Wengine humezwa. Wengine hupigwa kwa mkia au ubavu wakazimia, wakaelea juu, wamelala upande, tumbo jeupe nje.

Hapo ndipo siri ilipo. Trauti hageuki mara hiyo. Huenda zake, akazunguka, na baada ya dakika moja au mbili hurudi polepole kuokota maiti zake moja moja. Mdogo hukimbizana na vifaranga vilivyo hai, bali mkubwa hajisumbui. Basi mvuvi hufunga chambo cheupe chepesi, cha manyoya ya paa au cha povu lisilozama, urefu wa kifaranga, akakitupa pale pale palipovurugika. Kisha hafanyi kitu. Havuti, hatikisi. Kile chambo kinaelea tu kama kifaranga kilichokufa. Mwaona ugumu wake? Mtu amelipa kibali, amelipa mashua, mkono unamwasha, na maji mbele yake yanachemka samaki wa ratli 6, nawe unamwambia asivute. Wengi huvuta. Atakayeweza kukaa dakika tatu bila kugusa uzi ataona mdomo mpana ukiinuka, chambo kikitoweka bila kishindo, kama kimenyonywa.

Hapo tena asipige upesi. Samaki mkubwa hufunga mdomo taratibu akageuka chini. Ngoja uzi uanze kwenda, ndipo uinue ufito.

Anayetaka kujua vifaranga viko wapi awaulize ndege. Kibisi anayezamazama mahali pamoja, na shakwe wanaoshuka na kupiga kelele, hawako pale bure. Tangu 1996 waliletwa Rutland makinda ya tai mmoja anayeishi kwa samaki tu, kutoka Uskoti, kwa kuwa ndege hao walikuwa wametoweka sehemu hizo. Mwaka 2001 wakazaa kwa mara ya kwanza. Wakati wa baridi huruka mpaka Afrika ya Magharibi, kisha hurudi. Watu wa mashuani humwona akijitupa majini miguu mbele na kuondoka na trauti mzima. Yeye hana kibali, wala hahesabiwi.

Samaki akisha kunasa, vita huanza. Jambo la kwanza ni kuutoa mwavuli majini, na hii ni kazi ya yule mwenzake, asingoje kuombwa. Samaki mkubwa hukimbilia chini ya mashua, na akiizunguka kamba ya mwavuli mara moja tu uzi umekatika. Uzi wa mwisho hauzidi nguvu ya kubeba ratli 6 au 8, basi hakuna kumvuta kwa ubavu. Akikimbia mwache akimbie. Akisimama, kunja. Wa upinde wa mvua huruka juu ya maji, na akiruka ushushe ufito uzi ulegee kidogo, asije akauangukia ukiwa umekazwa. Wa kahawia haruki sana, yeye huzama na kukaa kama jiwe, na kichwa chake hutikisika hata waisikia mtikisiko mkononi.

Kuhusu wavu wa kumwopolea, makosa ni kumfuata samaki na wavu kama mtu anayechota. Samaki huuona akakimbia, na mara nyingi ndoana nyingine hunasa katika nyuzi za wavu huku yeye yuko nje. Wavu uzamishwe kabla, ukae kimya, na mvuvi amlete samaki juu yake, kichwa kwanza. Ndipo uinuliwe.

Halafu lipo swali linalowagawa wavuvi wa huko: ale au amrudishe? Wa upinde wa mvua hakuna shida sana. Alitiwa ili avuliwe, nyama yake ya rangi ya chungwa ni nzuri, na kibali husema mtu achukue wangapi. Lakini trauti wa kahawia wa ratli 8 amechukua miaka mingi kufika hapo, na ukimwondoa hakuna wa kuwekwa mahali pake kwa majira moja. Wengi sasa huwarudisha. Wengine wasema samaki aliyelipiwa ni wa aliyelipa, akampeleke kwa mkewe. Kwa maoni yangu anayekusudia kumla na amle kweli, amwue mara moja kwa pigo la kichwani, asimwache akigaragara mashuani. Na anayekusudia kumrudisha asimtoe majini kwa ajili ya picha ndefu. Alowanishe mikono, maana mkono mkavu huondoa ule ute unaolinda magamba. Amshike wima, kichwa kikielekea upepo, mpaka samaki mwenyewe aondoke. Samaki aliyepigana dakika 10 katika maji ya joto akirushwa tu majini aweza kuzama na kufa pale chini, na mrushaji huenda nyumbani akijiona mtu mwema.

Maji yale ni baridi, wala si mchezo. Mtu akianguka mwezi wa Aprili hukatwa pumzi mara moja, hata kama ajua kuogelea, akameza maji. Ndiyo maana kila mmoja huvaa koti la kuelea tangu gatini, na si kulikalia kama mto, nilivyopata kuona katika picha moja. Hutupa uzi wakiwa wameketi. Kusimama wote wawili kwa pamoja ni marufuku ya akili hata pale ambapo hakuna aliyeiandika. Wajuao hutazama pia saa za kurudi, kwa kuwa upepo uliowapeleka kwa raha hadi mwisho wa mkono wa kusini watakutana nao usoni jioni, mawimbi yakipasuka juu ya pua ya mashua na mafuta ya injini yakipungua.

Wakifika gatini huosha mashua, hutoa maji yaliyoingia, na kwenda kujaza karatasi: jina, idadi ya samaki, waliochukuliwa na waliorudishwa. Hata aliyerudi mikono mitupu huombwa aandike sufuri yake. Kwa karatasi hizo wenye bwawa hujua ni samaki wangapi wamebaki, na wangapi watiwe mwezi ujao. Nami kama karani niliyezoea kuwabembeleza watu wanijazie daftari, nilisoma kwa wivu kwamba wengi wao huijaza bila kusukumwa, ingawa ile nafasi ya uzito wa samaki aliyeponyoka hakuna aliyewawekea.